Ron wa Tisini na Nane

Mliosoma wiki jana mlinicheka, najua. Mlicheka niliposimulia jinsi nilivyomkataa mchumba mzima, mwenye kazi na meno yote, kwa sababu alikosea herufi mbili kwenye barua ya posa. Kisha mkaniacha mlangoni kwangu Kaaga, pale mjini Meru, ndugu yangu Munyi akishuka kwenye gari jeupe na kunipigia saluti.

Leo hamtacheka.

Kwa aliyekosa gazeti, naitwa Wawira. Mwaka huo wa 1998 nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Kaaga. Jina la shule nalihifadhi, maana yenyewe haina kosa. Kwetu ni Siakago, Embu ile ya chini, ya joto na mbuzi na ndengu. Mama yetu, Teresia, alijaliwa watoto wawili tu, mimi na Munyi, na Baba alishatangulia.

Munyi alikuwa dereva wa mbio za magari. Gari lake lilikuwa Subaru ya turbo, mtumba kutoka Japani, ya mwaka wa 1993. Mashindano ya Timau yalikuwa yamebakiza siku tisa. Watu wa timu moja ya Nairobi walikuwa wamemwambia wazi kwamba akishinda Timau, kiti chake kipo.

Lakini Timau ni mlimani. Huko juu kwenye baridi na mashamba ya ngano hewa ni haba, na gari huchoka kama mtu mwenye pumu. Dawa yake, Munyi alisema, ni chipu.

Aliingia ndani na Mugendi, fundi wake. Mugendi alikuwa na gereji ndogo ya mabati mjini, na mikono iliyojua injini kuliko alivyojua Katekisimu. Shule aliacha darasa la tatu. Munyi ndiye aliyemjazia fomu zote za maisha yake.

Munyi aliweka kijisanduku cha bati juu ya vitabu vya wanafunzi niliokuwa nikiwasahihishia. Ndani mlikuwa na vidude viwili vyeusi, kila kimoja na miguu pande zote mbili kama tandu.

"Hiki ndicho kinaambia injini ikunywe petroli kiasi gani na ipige moto saa ngapi," Mugendi akanieleza. "Ukibadilisha hiki, mwalimu, umebadilisha akili ya gari yote."

"Sasa mbona viwili?"

"Hapo ndio kuna maneno."

Chipu moja ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa 93 RON. Ya pili, 98 RON. Karatasi ya maelezo ilikuwa moja, ya Kiingereza, imekunjwa mara nne.

"Gari ni ya ninety-three," Mugendi alisema. "Mimi naona tuweke ya ninety-three. Kila kitu na mwaka wake."

Naomba mnielewe hapa. Sababu yake haikuwa ya kweli, lakini jibu lake lilikuwa la kweli kabisa. Kama mwalimu angeendelea kusahihisha insha zake na kufunga mdomo, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwauzia.

"Mugendi, wacha ushamba," Munyi akamwambia. "Saa hii tuko mwaka gani? Ninety-eight. Hii ndio latest."

"Latest ya nani? Gari haijui kalenda."

"Haya, msomi si huyu hapa? Sista, amua."

Nilichomoa kalamu yangu nyekundu kwenye nywele. Ilikuwa ikikaa hapo siku zote, nikichomeka na kuchomoa, hata wanafunzi walinitungia jina. Nikakunjua karatasi na kusoma.

Ilisema hivi, kwa Kiingereza chepesi kabisa: 98 RON kwenda juu. Chini ya hapo, injini itaharibika.

Nilijua maneno yote isipokuwa moja.

"Mwalimu," Mugendi akauliza, "hiyo RON ni nini?"

Aliuliza. Mtu wa darasa la tatu aliuliza, na mtu wa chuo kikuu akaona haya kusema sijui. Kamusi ilikuwa kwenye rafu, mkono tu ningenyoosha. Darasani nilikuwa nikiwaimbia watoto kila asubuhi kwamba kuuliza si ujinga. Mimi sikuwahi kuuliza mtu kitu tangu nipate cheti.

"Ni jina la mtu," nikasema. "Ron. Mzungu aliyetengeneza. Hii ni toleo lake la mwaka huu, na ameandika wazi kwamba iliyo chini ya hapo inaharibu injini."

"Hata hiyo ya ninety-three?"

"Mugendi. Tisini na tatu iko chini ya tisini na nane, ama iko juu?"

Alicheka kwa aibu na kushika kofia yake. "Iko chini, mwalimu."

"Basi umejijibu."

Nikaweka tiki nyekundu kando ya 98, kubwa, yenye mkia, kama ninayoweka kwenye daftari la mtoto aliyepata yote. Nikamrudishia karatasi. Naye akaikunja kwa heshima, akaiweka mfuko wa ndani wa ovaroli.

RON ile ilikuwa herufi kubwa zote tatu. Nilimkataa mchumba kwa ajili ya herufi. Zile tatu zikanipita.

Kesho yake Mugendi alifungua kontrol boksi, ule ubongo wa gari ulio chini ya dashibodi, akang'oa chipu ya zamani, akalehemu soketi na kuweka mpya. Munyi alienda mbio hadi Nkubu na kurudi. Alirudi akicheka peke yake.

"Sista, huyu Ron ni mwanaume," aliniambia. "Gari imekuwa kitu ingine."

Akalibatiza. Aliandika RON kwa chaki ubavuni, na watoto wa mtaa wakawa wanalikimbilia wakiita, Ron, Ron.

Jumamosi asubuhi tulipanda Timau kulijaribu mlimani. Mimi na Mugendi tulikaa ukingoni mwa barabara ya murram na chupa ya chai. Munyi alikuwa peke yake ndani.

Mara ya kwanza alipanda mlima kwa kasi ambayo hajawahi kuifikia. Mugendi alitazama saa, akatikisa kichwa kwa furaha. Mara ya pili akapunguza muda zaidi. Nilijiona mimi ndiye nimelisukuma.

Mara ya tatu nikasikia sauti mpya. Ilikuwa kama mtu anatikisa kokoto ndani ya mkebe.

Mugendi aliweka kikombe chini.

"Inagonga," alisema.

"Nini inagonga?"

"Injini. Mwalimu, hiyo inakula pistoni."

"Mwache bwana. Hiyo ni nguvu."

Nilisema hivyo. Mimi ambaye hata balbu ya nyumba yangu nilikuwa nabadilishiwa na mlinzi.

Mugendi hakunisikiliza. Alivua koti, akakimbia katikati ya barabara akilipunga juu ya kichwa. Munyi alimwona. Nina hakika alimwona, kwa sababu aliwasha taa mara mbili. Alidhani anashangiliwa. Akakanyaga zaidi.

Injini ilijifunga pale kwenye kona. Magurudumu yalikamata yote kwa pamoja, gari likateleza likiwa limekaa upande, likagonga ukingo wa kalvati na kuingia kwenye ngano. Lilipinduka mara mbili. Kisha nikasikia upepo tu.

Mugendi alifika kwanza. Nilipofika mimi, alikuwa ameshamfunika uso kwa lile koti.

"Usiangalie, mwalimu," akasema. "Nakuomba."

Mama alifika Meru jioni hiyo, akiwa na kiondo chake cha safari. Hakulia. Aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha maiti akaniuliza.

"Wanasema ni kitu kiliwekwa ndani ya gari. Nani alikitengeneza?"

"Mzungu, Mama. Anaitwa Ron."

Alifikiri kidogo. "Huyo Ron ana mama?"

"Sijui, Mama."

Tulipompeleka Mama nyumbani Siakago, majirani walikuja kwa maombi. Mama alipopewa nafasi, alimwombea Munyi, akaniombea mimi, kisha akasema, "Na huyo kijana Ron, Ngai, huko aliko, usimhesabie. Hakujua." Watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia. Akawa anamwombea kila jioni, kwa jina, kama mtoto wake wa tatu aliyepotelea ughaibuni.

Jumatatu nilirudi shuleni kuomba ruhusa. Katika chumba cha walimu alikuwamo mwenzangu Makandi, anayefundisha Kemia. Alinikumbatia, akanimiminia chai, akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza kuhusu mzungu Ron na chipu yake.

Makandi alisogeza kiti chake karibu.

"Hiyo Ron iliandikwaje?" aliuliza. "Herufi kubwa zote?"

"Zote."

"Na namba mbele yake?"

"Tisini na nane. Ndiyo mwaka."

"Si mwaka, Wawira." Alisema taratibu, kama mtu anayeondoa bandeji. "Hicho ni kipimo cha petroli. RON si mtu. Petroli yenye namba ndogo inalipuka kabla ya wakati wake, na kwenye turbo inapasua pistoni. Super tunayojaza hapa Meru ni tisini na tatu. Hiyo tisini na nane hakuna pampu utaipata."

Tisini na tatu. Chipu ya Mugendi. Ile aliyoitaka yeye, nikamwambia iko chini.

"Sasa," Makandi akauliza, "ni nani alisoma hiyo karatasi?"

Ulimi hauna mfupa. Ningeweza kusema ni mimi. Chumba kilikuwa na sisi wawili tu, na Makandi si mtu wa kuhukumu. Lakini nilimwona akinitazama, mwalimu kwa mwalimu, na nikahisi cheti changu, jina langu, na kila tiki niliyowahi kuweka vikinitazama pamoja naye.

"Fundi," nikasema.

Neno moja. Hilo ndilo lililonifanya niandike haya, si lile la kwanza. La kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga Mungu anausamehe. Hili nililisema nikijua.

Makandi alikuja Siakago kutufariji na walimu wengine. Kwa nia njema kabisa alimweleza Mjomba Njiru, kaka ya Mama, kwamba kumbe kosa lilikuwa la kusoma, fundi hakuelewa karatasi. Mjomba Njiru si mtu wa kungoja. Kabla ya jua kutua alikuwa ameshafika kituo cha polisi.

Mugendi alilala ndani siku mbili. Walimwachilia kwa bondi, akaambiwa arudi Jumatatu afunguliwe mashtaka ya kusababisha kifo. Vijana waliompenda Munyi waling'oa kibao cha gereji yake na kukitupa mtaroni. Hakuna aliyempelekea gari tena, hata la kubadilisha oili.

Na mimi nilifanya nini? Niliandika wasifu wa marehemu.

Mazishi yalipangwa kuwa Jumamosi. Ijumaa mchana nilikuwa nimeketi uani kwetu na karatasi za wasifu magotini, nikisahihisha Kiingereza changu mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nikiichomeka na kuichomoa. Wanawake walikuwa wanachambua ndengu. Mjomba Njiru alikuwa na wazee wa ukoo wakipima mahali pa kaburi.

Nikamwona Mugendi kwenye lango. Alikuwa ametembea kutoka sokoni, vumbi hadi magotini, ovaroli ile ile. Niliinuka haraka nikaenda kumzuia kabla hajaonekana.

"Mugendi, umekuja kufanya nini? Watakuumiza."

"Nimekuja kuzika rafiki yangu."

Aliingiza mkono mfuko wa ndani, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Niliificha ndani ya soksi," alisema. "Polisi hawakuiona. Iko na alama yako. Choma."

Sikuweza kumtazama. "Umeshajua RON ni nini?"

"Jamaa mmoja wa petrol station ameniambia."

"Basi unajua si wewe."

"Najua."

"Sasa mbona hukuwaambia polisi?"

Mugendi alitazama kule uani, Mama alikokuwa ameinama juu ya ungo.

"Mama amebaki na mtoto mmoja, mwalimu," alisema. "Wakikupeleka wewe ndani pia, atabaki na nani? Mimi sina mtu. Wewe nyamaza tu."

Mtu mwenye moyo angekataa. Mtu mwenye moyo angepiga kelele pale pale langoni. Mimi niliichomeka karatasi katikati ya kurasa za wasifu, na nikahisi nafuu. Ndiyo, nafuu. Naisema kwa sababu nimeapa kusema yote.

"Nani huyo?" Mjomba Njiru aliita.

Walikuja wote, jembe na kamba ya kupimia zikiwa mikononi. Mama pia aliinuka. Mugendi alivua kofia.

"Wewe," Mjomba Njiru akasema, "mbele ya hawa watu na mbele ya kaburi la huyu kijana, sema. Ile karatasi ya Kizungu, ni wewe ulisoma?"

Mugendi hakunitazama hata kidogo.

"Ni mimi nilisoma," akasema.

Wanaume wakaguna. Mmoja alipiga hatua mbele. Ndipo Mama akapita katikati yao na kusimama mbele ya fundi. Mama ni mfupi. Ilimbidi ainue uso.

"Munyi alikuwa akiniambia kwamba yeye ndiye anakujazia fomu," alisema. "Hata ya kitambulisho."

Mugendi aliikunja kofia mikononi.

"Kama unasoma Kizungu, nisomee mimi. Nisomee mambo ya mwanangu. Wawira, lete hizo karatasi."

"Mama, bado sijamaliza kusahihisha."

"Lete."

Nilizishika kwa nguvu. Akazivuta. Mama amelima Siakago miaka arobaini, na mimi nimeshika kalamu tu. Zikamfuata mkononi, na ile iliyokunjwa mara nne ikaanguka chini, kwenye vumbi, kati ya miguu yake na ya Mugendi.

Mugendi aliinama kuiokota, lakini Mama aliwahi.

Aliikunjua taratibu, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Kizungu hajui. Namba anajua, maana zipo kwenye Biblia na nyimbo. Akaweka kidole kwenye 98. Kisha kidole kikasogea kando kidogo na kusimama.

Likizo zote za miaka tisa nilikuwa nikisahihishia vitabu kwenye meza yake, taa moja baina yetu, yeye akichagua mbegu. Aliijua tiki yangu kuliko alivyojua sahihi yake. Alikuwa akinitania kwamba mkia wake ni mrefu kama wa mbuzi wa mzee fulani jirani.

Aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akanitazama si usoni, bali juu kidogo, kwenye nywele, mahali kalamu ilipokuwa imechomekwa, na kila mtu pale uani akaigeukia.

"Wawira," alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiombea. "Huyu Ron ninayemwombea kila jioni ni nani?"

Nyuma yake Mugendi alinitikisia kichwa, nisiseme.

Nikafungua mdomo.